Masomo ya Kurwa

Katika nyumba ya fundi cherehani, kazi iligawanywa tangu siku ya harusi. Baba alikata, mama alishona. Baba hakuwahi kukalia kiti cha cherehani, na mama hakuwahi kushika mkasi mkubwa. Nguo ilipokosewa, ilijulikana mara moja nani wa kulaumiwa. Huenda ndiyo sababu ndoa ile ilidumu.

Walikuwa na mabinti wawili, mapacha waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Kurwa. Aliyefuata aliitwa Doto. Majirani walichoka kubahatisha, wakawa wanawaita wote wawili "mwanangu". Mama peke yake hakukosea. Aliwajua kwa kicheko. Kurwa alicheka kwanza. Doto alifikiri kidogo, ndipo akacheka.

Walipofika katikati ya shule ya sekondari, masomo yalikuwa mengi. Yaliitwa masomo ya msingi, na kila mwanafunzi alitakiwa kuyasoma yote: lugha, historia, jiografia, hisabati, fizikia, kemia na biolojia. Mapacha waliutazama mzigo huo. Kisha wakawatazama wazazi wao kazini. Wakagawana.

Kurwa alichukua hisabati na sayansi. Doto alichukua lugha, historia na jiografia. Jioni, kila mmoja alifanya kazi za shule za wote wawili katika masomo aliyoyachukua.

"Mama, huyu Doto hajui hata kutafuta eneo la meza," alisema Kurwa siku moja.

"Na huyu Kurwa," alijibu Doto, "barua yake kwa mkuu wa shule inaanza na 'Mambo vipi'."

Mama alicheka hadi mguu ukateleza kwenye pedeli. "Waache," alimwambia mumewe. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Baba hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Mimi nakata, wewe unashona. Suruali imewahi kukosa nini?"

Methali ile ni ya kweli kwa habari ya chawa. Haisemi lolote kuhusu mtihani.

Kulikuwa na jambo ambalo wazazi hawakulijua. Mapacha walisoma katika mikondo tofauti, na majaribio ya kila mkondo yalifanywa kwa saa tofauti. Kurwa alifanya jaribio la hisabati katika darasa lake. Baadaye alivaa sweta la mwenzake, akaingia darasani mwa Doto, akalifanya la pili. Siku ya historia, Doto alilipa fadhila. Walimu walifurahi. Mtihani wa taifa, ambao wote wangeufanya kwa wakati mmoja katika vyumba viwili, haukuwamo katika mpango. Hesabu hiyo ndogo haikupigwa, ingawa mmoja wao alikuwa bingwa wa hesabu.

Siku moja Kurwa alirudi nyumbani akilalamika kuumwa kichwa. Shingo ilikuwa imekakamaa, na mwanga ulimuumiza macho. Walidhani ni uchovu wa masomo. Kulipokucha walimkimbiza hospitali. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba dalili kama hizo hazingoji asubuhi. Kurwa hakurudi nyumbani.

Siku hizo baba alikuwa amekata sare mbili mpya za shule. Mama alikuwa ameshona moja. Vipande vya sare ya pili vilibaki mezani, vimekunjwa, na sindano ndogo imechomekwa kwenye ukosi. Hakuna aliyevigusa. Wateja walikuja, wakapimwa, wakaondoka. Vipande vilikuwa palepale.

Doto alirudi shuleni. Katika jaribio la hisabati aliandika jina lake, basi. Mwalimu hakumkaripia. "Msiba ni mzito," alisema. "Tutakusubiri." Mwalimu wa kemia alimsubiri pia, na yule wa fizikia. Huruma yao ilikuwa ya kweli, na haikumsaidia kitu.

Ng'ambo ya ukuta aliishi mwalimu mstaafu. Watoto wa mtaa walimwita Bi Chaki, kwa sababu hata nywele zake sasa zilikuwa nyeupe. Siku alipokuja kuchukua sketi yake, alimkuta Doto ameketi karibu na meza ya kukatia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

"Hataki kula, wala hashiki kitabu," alidakia mama. "Hisabati ameacha ukurasa mweupe. Huyu! Aliyekuwa anapata tisini!"

Bi Chaki alivuta kigoda, akakaa. "Binti yangu, nijibu jambo moja. Umesahau kwa ajili ya msiba, au hukuwa unajua?"

Mama aliondoa mguu kwenye pedeli. Doto alitazama vidole vyake.

"Sikuwahi kujua," alisema.

Akaeleza yote: kazi za jioni, sweta, majaribio mawili kwa siku moja. Mama alifunika uso kwa kipande cha bitana. "Na mimi nilicheka," alisema. "Niliwasikia, nikacheka." Baba aliuweka mkasi mezani, taratibu, kana kwamba ungevunjika.

"Basi utaanza sasa," alisema Bi Chaki.

Doto alitikisa kichwa. "Yale ni masomo yake, Mwalimu. Nikiyachukua, yeye atabaki na nini?"

Mtu mwingine angemkumbatia. Bi Chaki alifikiri kwanza.

"Sitakudanganya," alisema. "Ukijua hesabu, dada yako hatarudi. Usipojua, hatarudi vilevile. Lakini hilo la pili litakuacha na hasara mbili."

Baba alikohoa. "Mwalimu, mtoto huyu anataka kuwa mwandishi wa habari. Ya nini kumtesa na kemia?"

"Pengine hataihitaji."

"Si ndiyo nasema?"

"Nimesema pengine, baba. Wewe unajua atakachohitaji kesho? Mwaka jana ulijua?"

Baba alivitazama vipande vya sare mezani.

"Yanaitwa ya msingi kwa sababu hiyo," aliendelea Bi Chaki. "Mtoto bado hajajua nyumba yake itakuwa na vyumba gani. Anachimba msingi wote kwanza, vyumba atachagua baadaye. Tena masomo haya yameshikana mikono. Kwenye jiografia atapimaje umbali katika ramani, kama hajui uwiano? Atasomaje maelezo ya dawa, kama lugha imempiga chenga? Na mwandishi asiyejua asilimia atadanganywa na kila mwenye suti."

"Sasa nianzie wapi?" aliuliza Doto. "Wenzangu wako mbali."

"Wenzako waache waende. Kwanza utawaambia walimu ukweli. Mgonjwa anayeficha jipu hatibiwi. Kisha utaanzia pale ulipopotea, hata kama ni hesabu za darasa la watoto wadogo. Kidogo kila siku, kwa mkono wako mwenyewe. Usipoelewa, uliza. Ukichekwa, uliza tena."

Mama alimsindikiza Doto shuleni. Mwalimu wa hisabati alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo zile tisini," alisema, "za mkondo wangu na za mkondo ule, zote zilikuwa za dada yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu aligeukia dirisha. "Alikuwa mzuri kuliko nilivyodhani," alisema.

Alama za Doto za masomo hayo zilifutwa, na alipewa adhabu ya kufagia maabara. Ilikuwa haki. Tangu hapo, alipoinua mkono darasani, walimu walijua anauliza kweli.

Jioni alivuka kwenda kwa Bi Chaki. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Alilia juu ya sehemu na desimali, na Bi Chaki alimwachia kitambaa cha kufutia machozi, wala hakufunga somo. Kisha wakafika kwenye milinganyo.

"Herufi hizi zinafanya nini katikati ya namba?" Doto alinung'unika. "Zimepotea njia?"

"Wewe si mtu wa lugha? Hiyo ni sentensi. Isome."

"Haisomeki."

"Alama ya sawasawa ni kitenzi. Soma."

Doto alisoma polepole. "Namba fulani, ikizidishwa kwa mbili, kisha ikaongezwa tatu... ni kumi na moja."

"Nani huyo namba fulani?"

Alirudi nyuma kama mtu anayefumua mshono. Akaondoa tatu, ikabaki nane. Akaigawa kwa mbili.

"Ni nne."

"Ni nne," alisema Bi Chaki.

Doto aliinama, akalia tena. Safari hii hakulia kwa sababu ya kutoelewa. Dada yake alikuwa amejua jambo hili siku zote, naye hakuwahi kumuuliza.

Mwaka ulisogea. Asubuhi ya mtihani wa taifa, Doto alikuta sare mpya kitini. Aliutambua ukosi. Sindano ilikuwa imetolewa. Mshono wa ubavuni ulikwenda kama njia ya mlevi.

"Nani ameshona hii?"

"Baba yako," alisema mama. "Mimi sikuweza kuvigusa vile vipande. Akaniambia nimfundishe. Nikamwambia afumue, akakataa."

"Itakaa tu," alisema baba, akageuka upande.

Ilikaa. Doto aliivaa, akaenda, akaketi katika chumba cha mtihani, mwenyewe, kwa kila somo.

Matokeo yalipotoka, hisabati alikuwa amefaulu kwa alama za kutosha, wala si zaidi. Kemia, vivyo hivyo. Jiografia ilikuwa imepanda kuliko alivyozoea, kwa kuwa sasa aliijua skeli ya ramani. Hakuwa bingwa wa sayansi. Lakini hakuna mlango uliofungwa mbele yake kwa sababu ya somo ambalo hakuligusa.

Karakanani nako mambo yalibadilika. Baba sasa hushona, na mama hukata. Mama huharibu vitambaa, baba hupindisha mishono, na nguo ikikosewa haijulikani tena nani wa kulaumiwa.

Siku ya matokeo, mteja mmoja aliinua suruali yake mbele ya dirisha. Mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine.

"Fundi," aliuliza kwa upole, "hii ni ya kupandia mlima?"

Mama aligeuka haraka. Kwa mazoea, alisubiri kicheko cha kwanza.

Hakikuja. Kisha, baada ya kufikiri kidogo, Doto alicheka.