Swichi ya Mzee Mbwambo

Kisakahitilafu, chombo cha kutafuta ubovu wa magari, kilitoa nyuzi zake nyembamba kama nywele, zikapenya chini ya boneti ya gari kuukuu la petroli na kutambaa ndani ya nyaya. Kila uzi ulikuwa na jicho lake. Namsifu alisimama kando, mkononi spana isiyo na kazi, roho juu.

"Betri nzima," kikasema chombo. "Koili nzima. Plagi nzima. Waya wa ethi umekaza."

"Sasa mbona haliwaki?"

Ndani ya nyumba, mama yake, Nakijwa, alikuwa amelazwa tangu alfajiri, akingoja kupelekwa kuzikwa kwao Usangi. Vijiendesha, magari yasiyo na dereva yaliyojaa Dodoma nzima, hupima mapigo ya moyo ya kila abiria. Asiye nayo hayampakii. Na maiti ambayo haijaondoka mjini hadi jua kutua, jiji huichukua likaichome tanurini. Nakijwa aliliogopa sana tanuri hilo, na Namsifu alimwapia kwamba halitamwona.

"Umeme unakatwa njiani," kikasema kisakahitilafu. "Pana swichi ya siri."

Namsifu akajipiga kofi pajini. Swichi ya kuzuia wezi! Zamani kila mwenye gari alificha yake, akaijua peke yake. Baba yake, Mzee Mbwambo, mwenye gari hili, alikuwa fundi umeme wa magari, lakini kumbukumbu zake zote za magari alizitoa kiwandani ili apate dawa ya figo za mkewe. Zilinyonywa kichwani zikafundishe visakahitilafu, na kwake hakikubaki kitu.

"Wewe umefundishwa na kichwa cha baba yangu. Iko wapi?"

"Naijua. Ila siri hiyo hupewa mwenye gari tu. Aseme mwenyewe kwamba gari ni lake."

"Basi iruke, unganisha waya!"

"Huo ni wizi."

Namsifu akakimbia, akamleta baba yake kwa mkono. "Baba, sema tu, 'Gari hili ni langu.' Basi."

Mzee akalizunguka gari polepole, akaligusa mlango kwa adabu ya mgeni. "La watu hili, mwanangu. Mimi sijawahi kuwa na gari."

"Ni lako, baba! Sema hivyo hivyo, tumpeleke mama nyumbani."

Machozi yakamlenga mzee. Magari aliyasahau yote, lakini mke wake hakumsahau hata chembe. "Niseme uongo, na Nakijwa amelala humo ndani? Tangu nimwoe sijamdanganya."

"Mwenye gari hayupo," kikasema chombo, kikakunja nyuzi zake.

Namsifu aling'oa mazulia, akapasua dashibodi, akapapasa chini ya viti hadi vidole vikatoka damu. Hakuiona. Baba yake alikuwa fundi hasa, na alipoficha kitu alikificha.

Jua lilipozama, gari jeupe la jiji, la kupeleka maiti tanurini, likaja bila dereva, likasimama mlangoni na kujifungua nyuma. Mzee Mbwambo akalitazama, uso ukamng'aa kidogo.

"Ndilo hili la kutupeleka Usangi?"

Namsifu akamfuta machozi kwa ncha ya kanga, akamjibu kwamba ndilo.