Jasho Katika Shati la Marehemu

Kwapa la shati lilikuwa limelowa. Mshonaji alilishika tena, akalinusa, akakaa kitandani taratibu kama mtu aliyebeba maji ya moto. Jasho lilikuwa la leo. Mwenye shati, mumewe, fundi redio, alizikwa miezi miwili iliyopita.

Hakumwambia mtu. Wiki nzima ya msiba jirani alimfulia nepi za mtoto bila kuombwa, na mama mkwe alihamia kwake na godoro lake mwenyewe ili asimsumbue. Watu wema kama hao huwaongezei mzigo. Alilirudisha shati kabatini, akaendelea kushona.

Kesho yake alasiri, saa ile ambayo fundi alizoea kurudi, chumba chao chenye giza kilijaa harufu ya lehemu iliyoungua, ile ya kuungia nyaya za redio. Mama mkwe alikuwa sokoni. Mtoto alikuwa amelala kando ya cherehani. Ndani ya kabati mtu akakohoa, mara mbili, kikohozi chake kile kile.

"Mke wangu," sauti ikasema polepole. "Bado unashonea gizani? Utaharibu macho."

Mfa maji hushika maji. Badala ya kukimbia, alibandika sikio kwenye mlango wa kabati, akalia. Tangu mazishi watu walikuwa wakimwambia roho haifi, imetangulia tu, mtaonana; naye aliitikia amina huku moyoni akiona shimo na udongo. Sasa aliuliza, na sauti ikajibu yote: rangi ya gauni alilovaa siku waliyokutana, mzaha aliomnong'oneza alipojifungua. Basi yupo. Basi mtu hazimiki kama taa.

Siku ya nne sauti ikasema, "Huku baridi. Niletee mtoto nimpakate."

Moyo ulimsuta, akapitisha kwanza blanketi la mtoto ndani ya kabati, na lilipotoka akamfunika mtoto nalo. Nyayo za mtoto zikapoa kama jiwe, akakataa ziwa mchana kutwa, wala hakulia, alilitazama kabati tu bila kupepesa, mpaka mama mkwe aliporudi na kikapu chake akamkuta mshonaji sakafuni akizipumulia zile nyayo ndogo na kuomba msamaha asijue anamwomba nani.

Alimweleza kila kitu. Mama mkwe hakumkaripia. Alipasha vitambaa kwa pasi, akamfunga mtoto miguu, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi ningefungua lile kabati, mwanangu."

Alasiri iliyofuata alivuta kigoda, akaketi mbele ya kabati kama aliyekuja kuposa. Kikohozi kilipokuja, akauliza, "Kama wewe ni mwanangu, ulipokuwa darasa la pili ulivunja nini, nikasema nimevunja mimi?"

Mbao zikaanza kulia, harufu ya lehemu ikageuka kuwa ya nywele zinazoungua, na kupitia ufa wa mlango mshonaji akayaona mashati yakijaa moja baada ya jingine, yakipanda na kushuka kama vifua vya watu waliolala, na katikati yao kitu kisichokuwa na shingo kikamgeukia yeye, si mama mkwe, kikasema kwa sauti isiyokuwa tena ya mtu:

"Mwulize huyo."

"Huyo hajui," mama mkwe akajibu. "Ndiyo maana nawe hujui. Unakula kilichomo moyoni mwake tu."

Akasali mpaka sauti ikamkauka. Waliyachoma mashati yote uani, na lile la jasho lilipiga kelele kama kuni mbichi. Jioni mtoto akanyonya.

"Kama yule si yeye, mama," mshonaji aliuliza, "yeye yuko wapi?"

Mama mkwe alimfunika mtoto miguu kwanza. "Sijui. Lakini nilimbeba miezi tisa bila kumwona, na nilijua yupo. Sasa simwoni tena. Nimerudi pale pale."

Kisha, kwa kumhurumia, akamsimulia kilichovunjika. Kilikuwa kioo cha baba mtu, cha kunyolea. Yeye, mama, ndiye aliyegombezwa, na usiku ule mwanawe alikishika kidole chake mpaka asubuhi. Walicheka kidogo, wakalia.

Wiki ikapita. Mama mkwe akaenda sokoni. Kabati lilikuwa tupu, limepanguswa. Harufu ikaja, kisha kikohozi, mara mbili.

"Kilikuwa kioo cha baba," sauti ikasema. "Nilisahau tu, mke wangu. Kufa kunasahaulisha. Mwambie mama bado nakikumbuka kidole chake."

Alijua sauti ilikoyapata maneno hayo. Alijua kama anavyoujua mkono wake. Lakini watu husahau, hata walio hai husahau, na kama si yeye basi ni lile shimo na ule udongo. Na alipozinduka mtoto alikuwa tayari begani, na mkono wake ulikuwa juu ya kitasa cha kabati.

Kitasa kilikuwa kimelowa jasho.