Majani ya Nafula Yapimwa

Nafula wa Makongeni aliyajua majani, na hakuna aliyebisha. Mtoto akikohoa, watu walisema, "Mpeleke kwa Nafula." Mzee akiumwa na tumbo, ni kwa Nafula tu. Alichuma majani machungu kando ya reli, akayachemsha, akamimina dawa katika mtungi wa bibi yake, aliyemfundisha. Mtungi huo haukumwagwa kamwe. Dawa ikipungua, iliongezwa nyingine juu yake. Kwao walisema kumwaga dawa ni kumwaga baraka.

Lakini kidonda cha mumewe, Opicho, kiligoma kupona. Alikuwa mchinjaji wa mbuzi kule Kiamaiko, na kisu kilimkata mguu. Nafula alikiosha kwa dawa yake asubuhi na jioni. Wapi! Mguu ulivimba, ukaanza kunuka.

Jirani yao Adoyo alikuja kumjulia hali. Mama huyu alifanya kazi katika maabara ya kupima miti ya dawa. Alipouona mguu alishtuka.

"Shemeji, ukikaa hapa utakatwa mguu. Hospitali, leo hii!"

"Kwani dawa yangu haifai?" Nafula aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Sijui, Nafula. Nawe hujui. Nipe ya mtungini kidogo, na majani mabichi. Tutapima."

Opicho akalazwa. Baadaye Adoyo alimwita Nafula maabara, akamwonyesha sahani ndogo zenye vifuniko.

"Humu tumeotesha vijidudu vya vidonda. Karatasi hii tumeichovya katika dawa mpya ya majani yako. Unaona duara safi linaloizunguka? Hapo vijidudu vimeshindwa kuota."

"Ala! Bibi yangu jamani!" Nafula akapiga makofi.

"Bibi yako alikuwa mtu na nusu. Sasa tazama hii. Ni ya mtungini."

Hapakuwa na duara. Vijidudu vilikuwa vimejaa hadi juu ya karatasi.

"Dawa mpya inatiwa juu ya iliyooza," Adoyo alisema taratibu. "Ulikuwa ukimwosha kwa vijidudu."

Roho ilimuuma Nafula kweli kweli.

"Basi nimchemshie mapya?"

"La. Sahani si mtu, dada. Hatujajua kipimo kilicho salama, wala kama yanaunguza ngozi. Huko kupima bado kuna kazi. Kidonda kikubwa ni cha daktari."

Nafula alirudi nyumbani, akautoa mtungi nje, akaumwaga mbele ya majirani.

"Yesu wangu! Na baraka je?" Mukami wa mlango wa pili alilia.

"Uozo hauna baraka, Mukami," alijibu.

Tangu hapo, mwenye kidonda akija kwake, Nafula humshika mkono akampeleka zahanati. Na maabara humwita awaonyeshe majani mengine. Akisema, wasomi wale hunyamaza wakamsikiliza, naye Adoyo hujaa fahari kama vile ni mama yake mzazi anayesema.

Opicho alitibiwa, mguu ukapona. Siku ya kurudi kazini alivaa viatu vyote viwili, akafunga kamba mwenyewe. Nafula alimsindikiza mpaka Jogoo Road, akasimama pale akimtazama anavyokanyaga.