Vyuma vya Mume wa Mtu

Wengine wakisimulia mambo haya hushusha sauti. Mimi sishushi. Nilikuwa naishi nyumba moja na dada yangu na mumewe, naishi nao mpaka leo, kwa hiyo nayajua kuliko hao wanaonong'ona mtaani, na bado yananiudhi.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu. Dada anafua uani. Mimi niko kwenye cherehani yangu karibu na mlango wa nyuma, nashona sare za shule. Shemeji yangu, ambaye ni kinyozi, amechuchumaa kando ya beseni, anasugua fimbo za gofu kwa mswaki na sabuni ya vyombo.

"Hilo beseni nafulia mashuka," dada akamwambia. "Wewe unaogeshea vyuma."

"Navyo vinataka kulala visafi, mke wangu."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na mapenzi na fimbo za gofu za chuma, zile za zamani zilizokwisha kupita mikononi mwa watu. Wachezaji wenyewe huziita vyuma. Alizitafuta kwa wauza mitumba na kwenye stoo ya uwanja mkuukuu wa gofu nyuma ya matangi ya maji, alikokwenda kucheza asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake. Fimbo mpya aliziita sufuria. Mchezaji hodari hakuwa. Mpira wake ulipenda vichaka kuliko shimo, na ukipotea alikuwa anauaga.

Kipaji chake kilikuwa kwingine. Alikuwa anageuza chuma kwenye mwanga, anatazama palipolika, kisha anakueleza aliyekitumia. "Huyu alikuwa mwoga, kila mpira kaupigia kisigino cha chuma." "Huyu alikuwa na haraka zake." Tulimcheka sana. Na alikuwa mpole kupita kiasi. Nzi akiingia kwenye chai yake alimtoa kwa kijiko, akamweka dirishani akauke.

Mchana ule nilimpelekea chakula kibandani, ndipo nikamkuta yule mwanamke. Alikuwa mtu wa makamo, amekumbatia mzigo uliofungwa kwa shuka. Alitumia mkono mmoja. Mkono wa pili ulivunjika zamani, ukaungwa vibaya. Ulipinda mahali pasipo na kiwiko.

"Nasikia unapenda vyuma vya zamani," akamwambia shemeji. "Hivi vilikuwa vya mume wangu. Amekufa. Chukua."

"Nikupe nini, mama?"

"Usinipe kitu. Ila kabla hujacheza navyo, bandua hiyo ngozi ya kwenye mipini, uichome. Usishike alipokuwa anashika yeye."

"Nimekusikia, mama."

Alimtazama, kisha akanigeukia mimi. "Mhimize," akaninong'oneza. Akaenda zake, amejibana ukutani njia nzima.

Sasa hapa ndipo damu inaponichemka. Siku hizi mipini ya gofu ni ya mpira. Zamani ilizungushiwa ngozi, kama bandeji, na kupata seti nzima ambayo ngozi yake ni ileile ya kiwandani si jambo la kila siku. Mtu mwingine yeyote angebandua, akachoma, mambo yakaisha. Lakini umwambie hivyo mkusanyaji!

"Shemeji, nikibandua hii nimeua seti nzima," akaniambia jioni ile, anapapasa mpini. "Ona hapa, dole gumba lake limechimba mpaka pakawa na shimo. Hili huwezi kulinunua popote."

"Mwenyewe kakwambia uchome."

"Mwenyewe hajui thamani yake."

Hajui! Badala ya kubandua akaleta mafuta ya nywele kutoka kibandani, akaanza kuisugua ngozi ilainike. Ilikuwa kavu, imepasuka. "Inakunywa," akasema kwa furaha. "Tazama inavyokunywa." Alimimina chupa yote, na ngozi haikuacha hata tone la kuteleza.

Asubuhi nilikuwa nafagia sebuleni. Vyuma vilikuwa vimeegemezwa kwenye kona isiyofika jua. Nikavisogeza. Mpini niliougusa ulikuwa na unyevu, tena wa vuguvugu, kana kwamba mtu ameuachia sasa hivi. Shemeji alikuwa bado amelala.

Akaanza kucheza navyo. Mkata nyasi wa uwanjani alinisimamisha njiani akaniuliza kama shemeji ana msiba. Alisema amemkuta anaichapa ardhi mpaka udongo mwekundu unatoka, anatukana matusi ambayo yeye mwenyewe, pamoja na kazi yake ya kibarua, hajapata kuyasikia. Nikamwambia amemfananisha. Nilimtetea, mjinga mimi.

Kisha ikaja habari ya mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka mingi. Mwalimu ameketi kwenye kiti, povu kidevuni. Shemeji akachukua wembe kwa mikono miwili, kidole kidogo cha mkono mmoja kimenasa kwenye cha mwenzake, vile wanavyoshika fimbo ya gofu. Akapanua miguu, akatulia. Mwalimu akamwona kwenye kioo. Alitoka mbio na shuka la kibandani shingoni, povu nusu uso.

Shemeji alitusimulia akicheka. Alicheka peke yake.

Siku iliyofuata dada alimwekea chai mezani. Akaonja. "Nimesema iwe moto!" akafoka, akamwita dada kwa jina la mwanamke mwingine. Kikombe kikagonga ukuta. Yeye ndiye aliyeshtuka zaidi. Aliitazama mikono yake, akaificha chini ya meza.

"Bandua hizo ngozi leo," nikamwambia.

"Kesho, shemeji."

"Leo!"

"Nimesema kesho."

Na kesho yake akasema kesho. Nikaja kujua baadaye kwamba alikuwa akijaribu. Alikuwa anachukua kisu, na kila alipokisogeza kwenye mpini, vidole vilikuwa vinakiachia.

Jumapili, baada ya chakula, akaniita sebuleni. Alishika chuma kimoja kwa kitambaa, mbali na mwili wake. Uso wake ulikuwa umekwisha kabisa.

"Soma hiki," akanong'ona. "Kimelika wapi?"

"Usoni. Katikati."

"Hapo ni mpira. Geuza."

Nikageuza. Upande wa nyuma ulikuwa umebonyea, una mikwaruzo juu ya mikwaruzo.

"Mpira haupigwi kwa nyuma," akasema. "Hakuna anayepiga hivyo. Huyu alikuwa anakigeuza makusudi, shemeji. Asiuharibu uso."

Nikaukumbuka mkono wa yule mama. Alitunza chuma, akavunja mke. Nilipandwa na hasira ambayo sijapata kuijua. Hofu haikupata hata nafasi. Nikaenda mbio chumbani kuchukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa.

Niliporudi, sebule ilikuwa tupu. Kitambaa kiko sakafuni.

Nikatoka uani.

Dada alikuwa ameinama kwenye beseni, ametupa mgongo, anasuuza shuka huku akiimba kidogo. Nyuma yake amesimama mumewe. Miguu imepanuka. Magoti yamelegea. Mikono miwili kwenye ngozi. Chuma kimegeuzwa.

Alikuwa anapima. Anakisogeza polepole mpaka karibu na kisogo cha dada, anakirudisha. Anakisogeza, anakirudisha. Machozi yanamtiririka.

"Shemeji," akanong'ona bila kugeuka. "Nishike mikono."

Chuma kikapanda juu ya bega lake.

Nikamrukia. Nikaikamata mikono yake yote miwili, nikaifinya kwenye mpini kwa nguvu zangu zote. Ngozi ilikuwa imelowa. Na katikati ya vidole vyake na ngozi, chini ya vidole vyake, nikahisi vidole vingine. Vinene. Vya moto. Vilikuwa vinavuta kwenda chini.

"Mwachie!" nikafoka. "Mwachie, mshenzi mkubwa wewe! Ulimpiga wako hukutosheka? Huyu ni wangu! Dada yangu huyu!"

Dada akageuka. Akaona. Akakaa chini kwenye maji yaliyomwagika.

Nikaingiza ncha ya mkasi chini ya ngozi, nikachana. Ilitoka kwa utepe mrefu, na ilivyokuwa inatoka ilikuwa inajaribu kujikunja kwenye kifundo cha mkono wangu. Nikaendelea kuchana huku natukana. Sikumbuki niliyoyasema. Shemeji aliniambia baadaye kwamba nilitaja mambo ya nyumba ya yule marehemu, vyumba vyake, mpaka rangi ya mapazia. Mimi nyumba hiyo sijawahi kuikanyaga.

Tulizibandua ngozi zote, tukazichoma palepale uani. Vyuma vyenyewe shemeji alivipeleka kwa mchomelea mageti, akasimama mpaka vilipokatwa vipandevipande. Akamaliza na vingine vyake vyote, hata vile alivyovipenda. Nilimwona analia, na sikumhurumia hata kidogo.

Sasa amerudi kuwa yuleyule. Mwalimu mstaafu ananyolewa kwake, nzi wanaokolewa kwenye chai. Dada amenenepa. Jirani zetu wanasema mambo yamekwisha, ila mdogo wake yule fundi cherehani amekuwa mkali siku hizi. Nina hasira, ndiyo. Nani asingekuwa nayo? Watu wanakuja na vitambaa vibovu, wanataka nguo nzuri. Watoto wanapiga kelele. Dada naye anasema kitu kimoja mara mbili, mara mbili, mpaka kichwa kinaniuma.

Jana aliniletea chai chumbani kwangu. Akasimama mlangoni, haingii. Alikuwa anatazama chini ya dirisha, kando ya kitanda changu. Nami nikatazama. Ukuta ulikuwa umebonyezwa, mashimo mengi yaliyopangana, kimo cha goti la mtu, na vumbi la plasta bado jeupe sakafuni. Chumba hicho nakifunga mwenyewe. Ndani mwake hamna chuma chochote zaidi ya mkasi.

"Nani kafanya hivi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

Ni kweli, sijui.

"Sawa," akasema. Akaiweka chai sakafuni, hapohapo kizingitini. Kisha akaondoka kinyumenyume, taratibu, macho yake kwangu, mpaka akafika mwisho wa korido.