Moto Ukiwaka, Msinipigie Mimi

Kule mtaani, juu kwenye mteremko unaopakana na msitu, kila mtu alikuwa na namba ya Mama Pacha. Mama Pacha alifanya kazi mjini, kwenye chumba cha taarifa za moto. Hapo ndipo habari zote za moto wa porini hupelekwa. Wapokea simu huuliza moto uko wapi na unaelekea wapi, kisha huwaambia zimamoto, watu wa misitu, polisi na hospitali. Hiyo ndiyo kazi. Lakini kwa majirani zake, kazi ya Mama Pacha ilikuwa moja tu, kupokea simu zao.

"Mama Pacha, kuna moshi nyuma ya shule," alisema mwenye duka asubuhi moja, hata salamu hakutoa.

"Umekwenda kuangalia?"

"Niende kufanya nini na wewe upo?"

Ulikuwa moshi wa takataka. Mama Pacha alikata simu, akacheka. Mume wake, fundi baiskeli, alikuwa akiwafunga pacha kamba za viatu.

"Hawa watu wanajua zimamoto ina namba yake?" aliuliza.

"Wanajua. Lakini mimi ni mtu wao."

Alisema hivyo kwa raha, tuseme ukweli. Nani hapendi kuwa mtu wa watu?

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Siku moja upepo ulianza kuvuma mapema, na Mama Pacha akaitwa kwenye kikao. Kazini kwao simu za mkononi haziingii kikaoni. Aliacha yake kwenye droo kama kawaida. Kikao chenyewe kilihusu maegesho ya magari, nani aegeshe wapi. Wakubwa wakabishana juu ya kivuli cha gari hadi mchana.

Alipotoka, akafungua droo. Kioo cha simu kilikuwa kimejaa simu zisizopokelewa. Mume wake. Mwenye duka. Baba mkwe. Mwenye duka tena. Baba mkwe, baba mkwe, baba mkwe.

Alikimbilia dawati la zamu. "Kuna simu yoyote ya moto kutoka mteremkoni?"

"Hakuna," alisema mwenzake. "Leo ni shwari."

Mtaa mzima ulikuwa ukipiga simu asubuhi yote, na hakuna hata mmoja aliyepiga pale panapotakiwa.

Magari yalitumwa, lakini moto ulishateremka kutoka msituni. Nyumba za juu ziliungua. Baba mkwe wake, mfuga nyuki, aliishi peke yake nyumba ya mwisho kabisa. Walimkuta kwenye mtaro, amejifunika uso kwa shati lililoloweshwa maji. Mizinga yake yote ilikuwa imeteketea. Nyumba ilibaki kuta.

Hospitalini, mzee alikuwa amefungwa bendeji mikono yote miwili. Alikohoa kwanza, ndipo akaongea.

"Nilikungoja, mama," alisema.

"Uliningoja, baba?"

"Ningeweza kushuka. Njia ilikuwa wazi kabisa. Lakini nikasema, mkwe wangu yuko kulekule kwenye ofisi ya moto, akiona simu yangu atatuma watu. Nikaendelea kumwagia paa maji."

Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu ingekuwa afadhali. Mama Pacha alitoka hadi kwenye korido, na mume wake akamfuata. Hapo ndipo hasira zilipompanda.

"Kwa nini hukupiga namba ya zimamoto?"

"Nilikupigia wewe."

"Sikupokea."

"Nikapiga tena."

"Mtu hapokei, unampigia tena! Moto unakwenda kwa baba yako, na wewe umeng'ang'ania namba moja kama mtoto na chupa yake."

Mume wake hakuwa mtu wa kugombana. Lakini siku hiyo na yeye alikuwa amechoka.

"Na wewe je?" aliuliza. "Miaka yote unapokea. Ni lini umemwambia mtu apige kule? Ulisema wewe ni mtu wao."

Maneno yalimwingia.

"Hilo nimelisikia," alisema. "Lakini hasira yangu iko palepale."

Kesho yake alifika kazini uso umekunjamana. Hakutaka kusikia habari za bahati mbaya. Alipiga simu ofisi moja baada ya nyingine, akauliza swali lilelile: jana mlijua nini? Majibu yalimchemsha damu. Mlinzi wa msitu aliuona moshi asubuhi, kutoka kwenye mnara wake. Alimwambia mkuu wake, na habari ikaishia hapo. Gari la zimamoto lilikuwa limesimama karibu, chini ya mteremko, na dereva wake hana habari. Watu wa hali ya hewa walijua upepo utageuka. Walituma ujumbe, na hakuna aliyeufungua. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari, amekikalia.

Mchana, mkuu wa misitu na mkuu wa zimamoto walikuja. Mama Pacha alikuwa ametandika ramani mezani.

"Moshi ulikuwa upande wetu wa mpaka," alisema mkuu wa misitu. "Tulikuwa tunaushughulikia."

"Na ulipovuka?"

"Ulipovuka haukuwa wetu tena."

Hebu fikiria. Mtu mzima, ana nyota begani, anatamka maneno hayo bila kuona haya. Na mwenzake wa zimamoto naye akatikisa kichwa kukubali.

"Sisi hatuwezi kwenda tusikoitwa," alisema.

Mama Pacha aliweka kidole kwenye ramani, juu ya mstari mwekundu wa mpaka.

"Mzee wangu amelazwa kwa sababu ya huu mstari," alisema. "Nimeolewa pale, napita pale kila siku, sijawahi kuuona chini. Nipelekeni mkanionyeshe ulipochorwa."

Ndipo akawapa vidonge vyao. Aliwaambia makosa ya mtaani kwake atayashughulikia mwenyewe, maana na yeye yumo. Lakini haya ya ofisi ni yao. Alitaka kila ofisi ilete mtu wake, akae chumba hiki kimoja kila siku, kiangazi chote. Watumie ramani moja. Wasikilizane kwenye redio moja. Akionacho mmoja, wote wakione saa ileile.

"Lazima kwanza iandikwe barua," alisema mkuu wa misitu.

"Iandikwe leo. La sivyo naleta watu wote waliounguliwa. Mtawaeleza ninyi wenyewe habari za mstari."

Barua iliandikwa siku ileile. Mtu wa hali ya hewa hakuingoja hata hiyo. Alibeba kiti chake kutoka ghorofa ya juu, akaja kukaa.

Mwisho wa wiki, majirani walikusanyika kwenye darasa la shule. Mama Pacha alisimama ubaoni, hajatabasamu.

"Kumbe tulikuudhi," alisema mwenye duka.

"Ndiyo, mmeniudhi. Na mimi nimejiudhi." Aliandika namba kubwa ubaoni. "Hii si namba yangu. Hii haiingii kikaoni. Hailali. Haina mume wala pacha. Mkiona moto, hii ndiyo mnapiga. Mkinipigia mimi, sipokei."

Watu waliguna. Alimwita mwenye duka mbele. "Tujaribu. Mimi ni mpokea simu. Wewe umeona moto."

Mwenye duka aliweka mkono sikioni. "Haloo, kuna moto huku kwetu."

"Huku kwetu ni wapi? Sikujui."

"Juu ya duka langu."

"Mjini duka lako halijulikani, hata soda zako ziwe baridi namna gani. Taja kitu ambacho mgeni atakiona."

Darasa lilicheka. Mwenye duka alijikuna kichwa. "Juu ya shule. Karibu na tangi kubwa la maji."

"Kinaungua nini?"

"Nyasi. Nyuma yake kuna miti."

"Upepo unasukuma moshi kwenda wapi?"

"Unakuja huku, kwenye nyumba."

"Kuna mtu yuko hatarini?"

"Yuko bibi mmoja hawezi kutembea."

"Gari lipite wapi?"

"Njia ya tangi. Ile nyingine daraja limevunjika."

"Basi," alisema Mama Pacha. "Kwa hayo tu, mtu wa mjini anaweza kutuma gari, na likafika."

"Na kama ni takataka tu?" aliuliza mama mmoja nyuma.

"Piga vilevile. Waende waone si kitu, warudi. Kutuma picha kwenye kundi la mtaa hakuzimi kitu." Aliipigia mstari ile namba ubaoni. "Ukishapiga, usirudi kumwagia paa maji. Mchukue mtoto, mchukue bibi, shukeni hadi hapa shuleni. Msimngoje mtu yeyote. Hata mimi msiningoje."

Baba mkwe alikuwa kwenye dawati la mbele, mikono yake bado ina bendeji. Aliinamisha kichwa.

Kabla ya mvua kuanza, nyumba ya mzee ilikuwa imeezekwa upya. Alikuwa na mizinga michache na mbuzi wawili. Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa kazini wakati simu ilipolia dawati la jirani. Aliyepokea alikuwa binti mgeni, hajamaliza hata mwezi.

"Juu ya shule," binti alirudia akiandika. "Karibu na tangi la maji."

Mama Pacha alisimama. Alitaka kuinyang'anya ile simu. Binti aliinua mkono kumzuia, akaendelea kuuliza taratibu, upepo, watu, njia. Mama Pacha alibaki amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Hasira zote za kiangazi kile zilimrudia kifuani, na safari hii hazikuwa na mtu wa kuangukia.

Simu ilipokatwa, wenzake walikuwa wameshainamia ramani.

"Upepo utageuka mchana," alisema mtu wa hali ya hewa. "Utakwenda kwenye nyumba."

"Magari yetu yapite njia ya tangi," alisema wa zimamoto.

"Vijana wangu watauzuia kutoka juu," alisema wa misitu. Alishika redio palepale. Habari za mpaka hakuna aliyezitaja.

Moto ulizimwa kabla haujavuka barabara ya tangi. Nyumba iliyoungua hakuna. Zamu ilipokwisha, Mama Pacha alikwenda moja kwa moja shuleni. Alimkuta baba mkwe amekaa kwenye benchi nje ya darasa, kamba za mbuzi mkononi. Alikuwa amenuna.

"Baba, umeumia?"

"Sijaumia. Lakini yule binti wenu hana adabu."

"Amefanya nini?"

"Nimemwambia mimi ni baba mkwe wa Mama Pacha. Nikamwambia tena, labda hakusikia. Ananijibu nini? 'Sawa, mzee. Upepo unaelekea wapi?'"

Mama Pacha alikaa kando yake. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka.

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Ningefanyaje? Halafu akasema nishuke, nisimngoje mtu." Mzee alivuta kamba ya mbuzi. "Nikashuka."