Mizani ya Sonara na Karatasi ya Damu

Kibano alikuwa sonara. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu kibano chake cha kazi hakikutoka mfukoni mwa shati, hata msibani. Nyumba yake haikukosa wageni. Wengine walileta pete zilizokatika, wengine walileta umbea tu. Wote walipata chai.

Mwaka uliopita madaktari walimkuta na saratani ya tezi dume. Walimfanyia upasuaji, wakaiondoa tezi yote. Tangu hapo alipimwa damu kila baada ya miezi michache. Kipimo hicho huitwa PSA. Karatasi mbili za kwanza ziliandikwa: chini ya 0.1. Yeye akasoma sifuri, akafurahi.

Karatasi ya tatu iliandikwa 0.04.

Alirudi nyumbani kimya, akafunga duka. "Imerudi," alimwambia mkewe. Daktari alitaka arudie kipimo baada ya miezi mitatu. Kibano hakutaka hata kusikia. Akaanza kugawa vyombo vyake vya kazi. Mkewe akawa anarudisha wageni mlangoni. "Mwenyewe amelala," alisema, macho yamemvimba.

Jirani mmoja hakurudishwa. Mama huyo alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali alikopimwa Kibano, na alizoea kuingilia jikoni.

"Shemeji, nasikia umeshajizika. Mbona hukutuita?"

Kibano hakucheka. Alimpa karatasi.

"Mbona kiwango hiki ni kidogo sana?"

"Kidogo kwako. Dhahabu ikipungua kiasi hicho, mimi silali."

"Haya. Vumbi la dhahabu ukiliweka kwenye mizani ya kupimia unga, itasema nini?"

"Haisemi kitu."

"Na mizani yako?"

"Itaonyesha."

"Kwa hiyo vumbi limeongezeka?"

Kibano akatikisa kichwa.

"Maabara imepata mashine mpya," jirani alisema. "Ya zamani haikuweza kuona kitu chini ya 0.1. Haikusema sifuri, shemeji. Hii mpya inaona vidogo zaidi. Na hiyo 0.04 ni ndogo kuliko 0.1. Huenda hakuna kilichobadilika. PSA hutengenezwa na tezi dume. Baada ya upasuaji, vipande vidogo sana vya tezi vinaweza kubaki, hata visivyo na saratani. Namba ndogo hivi huweza kupanda na kushuka kidogo, bila saratani kurudi."

"Basi saratani haipo?"

"Hilo sijakuahidi. Karatasi moja haiwezi kusema. Daktari hutazama mwendo wa namba, kwa mashine ileile. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, mara nyingi husema imerudi ikifika 0.2, na kipimo cha pili kikithibitisha. Waliotibiwa kwa mionzi wana hesabu yao nyingine. Na hata ikirudi, matibabu yapo. Lakini asiyepima atajuaje? Wewe dukani hupima mara moja tu?"

Kibano aliinama.

"Niliwahi," alisema. "Dhahabu ikaonekana pungufu, nikamwita mdogo wangu mwizi. Kesho yake nikapima tena, feni iliyokuwa ikitikisa mizani imezimwa. Dhahabu yote ilikuwepo. Yeye alishaondoka. Nilikuja kumwona kwenye jeneza."

Jirani alivuta kiti karibu. Alikaa naye tu, mpaka chai ikapoa.

"Nitarudia kipimo," Kibano alisema.

Miezi mitatu ilipotimia alikwenda hospitali ileile. Jibu lilikuwa 0.04, halikusogea. Daktari alimwambia aendelee kupima, asikose tarehe, na akiwa na swali aulize.

Alimkuta mkewe akiosha vyombo. Akamsomea karatasi. Mkewe akalia kwa sauti, kama mfiwa.

"Mama, habari ni nzuri. Unalia nini?"

"Ulinifanya mjane," alisema mkewe, "na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo ukinywa chai yangu."

Kibano aliweka karatasi mezani. Alichukua kitambaa, akasimama karibu naye, akaanza kukausha vikombe.