Bando la Ijumaa

Siku za kawaida Becky akitoka shuleni alivua sare upesi na kumkimbilia Kukhu, bibi yake, kando ya barabara pale mtaani Obunga. Kazi ilikuwa ile ile: kuosha mabeseni, kuchochea kuni na kuwafungia wateja mgongo wazi. Hiyo ni mifupa ya samaki aitwaye mbuta, kichwa na mkia, inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Kukhu aliikaanga ikakauka vizuri, na ilisemekana kuwa paka wa Obunga walikuwa wamekata tamaa kwa sababu wateja wake hawakubakisha kitu.

Lakini Ijumaa Becky hakuvua sare. Ijumaa ilikuwa siku ya mama. Nabalayo, mama yake, alifanya kazi za nyumbani kwa watu kule Doha, na siku hiyo jioni ndipo alipopumzika na kupiga simu ya video. Alikuwa ameondoka Becky akiwa Gredi ya Tano. Sasa Becky alikuwa Gredi ya Saba, na sare ile mpya mama ndiye aliyeilipia, ila kwenye simu alikuwa ameona kola yake tu. Becky alitamani sana aione yote. Alinyoosha tai yake, akaketi karibu na karai na kungoja.

Simu ya Kukhu ililia. Uso wa mama ukatokea, umechoka kidogo lakini unacheka.

"Kukhu, mko salama? Becky, hebu simama basi nikuone!"

Becky akasimama, akarudi nyuma ili mama amwone kuanzia kichwani hadi viatuni. Kabla hajageuka, picha ikaganda. Kisha ikapotea, na ujumbe ukaingia kwamba bando la intaneti limeisha.

"Limeisha vipi?" Kukhu akafoka. "Mama Paras wa dukani aliniambia ni la wiki nzima! Huyo mama ameniuzia hewa. Kesho atanitambua."

Becky aliinama akachochea kuni. Alikuwa na uchungu na hofu pia, maana alijua jambo ambalo Kukhu hakulijua. Mama alikuwa ameweka mtandaoni video fupi, akiimba huku akipiga pasi, wimbo ule aliouimba zamani akimsuka Becky nywele. Kukhu alikuwa amesema simu ni ya masomo na ya Ijumaa tu, lakini kila jioni Becky alijificha nyuma ya nyumba akaitazama video hiyo, akaimaliza, akaianza tena. Na data hakuizima hata mara moja. Je, mama akipiga siku nyingine amkose?

Asubuhi Kukhu alijifunga leso kiunoni, ishara ambayo majirani waliifahamu vizuri, wakampisha njia. Yeye na Becky walikwenda moja kwa moja hadi soko la Kibuye, kwenye duka la Sejal, ambaye wateja wote walimwita Mama Paras kwa jina la mwanawe. Aliuza simu, chaja na bando.

"Karibu, Mama," Sejal akasema.

"Karibu nini! Umeniuzia bando la uongo. Mtoto hajaona mama yake!"

Wateja waligeuka. Mmoja alirudisha chaja aliyokuwa ameishika, akatoka nje. Becky aliuona uso wa Mama Paras ukinywea, akahisi aibu iliyomzidi nguvu.

"Kukhu, si yeye," akasema. "Ni mimi. Nimekuwa nikimwangalia mama kila siku. Nilimkumbuka tu." Akaangua kilio.

Kukhu alimgeukia. Mama Paras aliichukua simu taratibu, akafungua mipangilio.

"Wacha tuone ni nani amekula bando," alisema. "Becky amekula, ni kweli. Ukiangalia video huko mtandaoni tena na tena, kila mara unaweza kulipia upya. Mwambie mama akutumie hiyo video, uihifadhi kwa simu mara moja, halafu utaangalia mpaka uchoke bila kutumia data. Lakini mlaji mkubwa ni huyu hapa." Akaonyesha kwenye skrini kikundi cha mtandaoni cha akina mama wa kanisa la Kukhu. "Data ikiwaka mchana na usiku, video zao zinajiingiza zenyewe. Harusi, kwaya, matanga."

Kukhu akatazama pembeni. "Ile ya mazishi ya Wechuli ilikuwa ndefu kidogo," akakiri.

Mama Paras alicheka hadi akashika meza. Akazuia video kujiingiza zenyewe, akazifanya programu zingoje wai-fai kabla ya kujisasisha, kisha akamwonyesha Becky mahali pa kuzimia data. "Mama akiwahitaji siku nyingine, apige simu ya kawaida mara moja akate. Nyinyi mtawasha."

"Nisamehe, Mama Paras," Kukhu akasema, akifungua leso na kulipia bando jipya. "Ningekuletea mgongo wazi, lakini najua wewe huli samaki."

"Niletee ndizi, Mama. Yameisha."

Wiki hiyo ilikuwa ngumu. Kuzima data kulimuuma Becky kana kwamba alikuwa akimfungia mama mlango. Lakini alizima, kila siku.

Ijumaa ikafika. Mama akapiga, na picha haikuganda.

"Simama, mwanangu. Geuka. Geuka tena." Nabalayo akasogeza uso karibu na skrini. "Sketi imeshakuwa fupi, Becky. Umekua hivyo, na mimi siko?"

Walizungumza hadi kiza kikaingia, wakalia, wakacheka, na bando likabaki. Walipoagana Becky aliendelea kuishika simu, asitake kuiweka chini. Kukhu alikuwa amemhudumia mteja wa mwisho.

"Wateja wakiisha, sisi hufanya nini na moto?" akauliza.

"Tunatoa kuni, Kukhu. Tuwe nazo kesho."

"Basi na huo wa simu pia toa kuni. Kumkumbuka mtu si kuacha moto uwake chini ya karai tupu, mjukuu wangu. Ni kumtunzia kuni za siku atakapokuja. Na ukikosea tena, niambie mapema, kabla sijafunga leso."

Becky akatabasamu, akazima data. Kisha akainama na kuanza kutoa kuni, moja baada ya nyingine, akiimba polepole wimbo wa mama.